Kiganja cha Ndengu kwa Msomaji

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya ndengu zikimwagwa juu ya meza ya bati. Gunia zima kwa mara moja. Shaaa! Siku yangu ya kwanza kwenye stoo ya Bwana Kimeu pale Mbumbuni, niliposikia hiyo sauti nyuma yangu sikuuliza mtu. Nilitoka nje mbio nikaanza kukunja turubai ambalo ndengu nyingine zilikuwa zimeanikwa juu yake, nikivuta pembe hii, nikivuta pembe ile, na ndengu zinamwagika mchangani. Jua lilikuwa linawaka hata kuku wamejificha chini ya lori.

Kuinua kichwa, wanawake wote wamesimama mlangoni.

"Wee msichana, unazificha ndengu ili nani asizione?"

"M-m-m..." Nilitaka kusema mvua. Neno likakataa kutoka, kama kawaida yake.

"Mvua," akasema mama mmoja mzee aliyejifunga leso mbili. "Amesikia mvua. Mwacheni. Kwao huko Ikutha mvua ikisema jambo, watu hawangoji irudie."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikacheka, ingawa nilikuwa nimekaribia kulia. Yule mama alikuwa Mwaitu Kalekye. Mwaitu ni kusema mama yangu, na hakuna mtu pale stooni aliyemwita vingine, hata Bwana Kimeu mwenye stoo. Ile ndiyo siku ya pekee aliyonimalizia neno. Baadaye, nikikwama, alikuwa anangoja tu.

Wadogo zangu, nawaandikia kama mstaafu. Najua mtacheka, kwa sababu bado nasuka nywele mitindo ile ile yenu na mama yangu bado ananituma dukani. Lakini mtu akistaafishwa na mashine amestaafu, hata kama hana mvi hata moja. Nilichagua ndengu tangu nilipoacha shule kidato cha pili mpaka mashine ilipokuja, na yale niliyoyapata pale mezani nayashukuru kuliko vyeti ambavyo sina.

Wengi wenu mnanijua kwa kigugumizi changu. Si siri. Nikiwa shule, mwalimu akisema "Mwende, soma," darasa zima lilikuwa linakaa vizuri kama watu wanaongoja sinema. Karo ilikuwa ngumu, ni kweli, lakini siku nilipoambiwa nitakaa nyumbani nilifurahi kidogo, kwa sababu hakuna mtu angeniambia nisome tena. Na hapo ndipo kuna maajabu, maana tangu utotoni nilikuwa natamani kitu kimoja tu: kusoma kwa sauti mbele ya watu, mpaka mwisho wa ukurasa. Nilikuwa naota hivyo hata mchana.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu mnakula ndengu na hamjui zimepita wapi. Zinakuja kutoka Kitui na huku Makueni zikiwa na kila kitu: maganda, vijiti, mawe, mafundo ya udongo, siku moja hata kifungo cha shati. Tulikuwa na mikono miwili ya kuchagua. Mkono wa kwanza ni wa takataka kubwa, hata mtoto anaweza. Mkono wa pili ni wa mawe, na hapo ndipo mtu anajulikana. Kuna jiwe dogo la kijani kibichi, umbo la ndengu, ukubwa wa ndengu, utafikiri limezaliwa pamoja nazo. Usilitafute kwa macho. Inua uteo, ule ungo wako wa kupepetea, upande mmoja uutikise polepole: ndengu zinakimbia kwenda chini, jiwe linabaki nyuma. Na usikae ukitazama mlango. Jua likikupiga usoni, kila kitu kinakuwa ndengu.

Mwaitu Kalekye alinifundisha hayo kwa kunipiga kiwiko. Alikuwa hasemi "hapana". Ni kiwiko tu, halafu ananionyesha jiwe nililoliacha, analiweka mbele yangu kama sahani ya wageni.

Kitabu nilikipata kwa mzee anayeuza tumbaku ya kunusa. Alikuwa anachana kurasa anafungia watu tumbaku yao. Nilipoona ni hadithi, roho iliniuma. Nikamwonyesha kwa kidole, nikamwonyesha magazeti ya zamani niliyokuwa nayo mkononi, na kwa kuwa gazeti lina karatasi kubwa, alikubali kubadilishana. Jalada halikuwepo. Kurasa za kwanza zilikuwa zimeshaenda na tumbaku. Mpaka leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Kilianza katikati ya sentensi, na mwanamke anaitwa Salma amesimama kwenye hoteli ndogo aliyoachiwa na shangazi yake, anamtazama mgeni wa chumba cha nne ambaye hataki kusema kwao ni wapi.

Nilikuwa nakisoma wakati wa chakula, midomo ikicheza bila sauti. Siku moja, tukila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, Mwaitu akaniuliza, "Unaongea na nani?"

"N-n-nasoma."

"Ni barua ya bwana?"

"Ni h-hadithi."

"Basi toa sauti. Hatuwezi kukaa hapa kama ng'ombe na wewe uko na hadithi."

Nilijaribu. Neno la kwanza lilikuwa "Kesho". Nikakwama kwenye k. Nikaisukuma, nikaisukuma, jasho likatoka. Syombua, aliyekuwa rika langu na mwenye mdomo usiolala, akasema, "Aki redio imeisha betri!"

Walicheka wote. Mwaitu hakucheka. Alilamba kijiko chake, akasema, "Syombua, mimi ndiye nilikupokea ukizaliwa. Ulikaa siku mbili unakataa kutoka. Mama yako aliambiwa betri imeisha?"

Sasa kicheko kikahamia kwa Syombua, naye mwenyewe akacheka kuliko wote. Kisha Mwaitu akanigeukia. "Soma. Neno likichelewa, tutangoja. Sisi hatuendi mahali."

Siku hiyo nilisoma nusu ukurasa. Mlo wote uliisha kwa nusu ukurasa. Hakuna aliyeinuka.

Njia ya kusoma vizuri zaidi tuliipata kwa bahati, na ilitoka kwa muziki. Bwana Kimeu alikuwa na redio aliyoitundika kwenye msumari juu ya mizani. Asubuhi ilikuwa benga ya Kikamba, ile ya magitaa, na tukisikia ameongeza sauti tulikuwa tunajua lori la mnunuzi liko njiani. Mikono ilikuwa inakimbia yenyewe. Syombua alikuwa anachagua kwa mabega. Jioni alikuwa anaturuhusu stesheni ya nyimbo za kanisa, na Mwaitu ndiye aliyegundua kwamba benga inatoa ndengu nyingi, kwaya inatoa ndengu safi. Msicheke. Jaribuni mtaona.

Mimi nilikuwa na wimbo wangu mmoja wa benga, wa zamani, siujui jina kwa sababu mtangazaji alikuwa anapenda kuongea juu yake. Kuna mahali mwimbaji ananyamaza kabisa. Magitaa mawili makubwa yanapunguza, na lile dogo linabaki likiongea peke yake, linasema kidogo, linanyamaza, linasema tena. Haliogopi kunyamaza. Ule wimbo ukipigwa nilikuwa nasahau hata mahali nilipo. Nilikuwa nafikiri: kumbe mtu anaweza kunyamaza katikati ya jambo na watu bado wanapenda.

Siku moja ulipokuwa ukipigwa, kitabu kilikuwa mkono wa kushoto na mkono wangu wa kulia uko kwenye uteo: vuta, vuta, sukuma. Nikasikia ninasoma. Maneno yalikuwa yanakaa juu ya mkono kama watu wanaopanda baiskeli. Nilipokwama, mkono uliendelea, na neno likanipata mbele. Nilisoma ukurasa mzima, nikafungua mwingine. Nilipoinua macho, Syombua alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili.

"Asi!" akasema. "Mwende! Nani amekufungua?"

Kutoka siku hiyo nikawa msomaji wa stoo. Lakini msomaji hachagui sana, na sisi tulikuwa tunalipwa kwa debe. Basi wakaanzisha desturi yao wenyewe, wala sikuiomba. Kila mama, akimaliza uteo wake, alikuwa anachota kiganja kimoja cha ndengu safi anakitia kwenye debe langu. Kiganja kimoja, hakuna maneno. Wengine walikuwa na viganja vikubwa, wengine walikuwa na watoto wengi nyumbani na viganja vyao vikawa vidogo, na vyote vilikuwa sawa. Jioni debe langu lilikuwa limejaa kama la mtu mwingine. Nimewahi kupewa zawadi, lakini hakuna iliyonifanya nijisikie mtu kama kile kiganja.

Na jinsi walivyokuwa wanamjadili huyo mgeni wa chumba cha nne! Utafikiri anaishi nyuma ya posho mili.

"Ni polisi huyo."

"Polisi gani anafua shati yake mwenyewe? Ni bwana wa mtu."

"Mimi nasema ni baba yake Salma," alikuwa anasema Mwaitu kila siku. "Angalia vile anavyokula. Anakula kama mtu anayeomba msamaha."

Niwape sasa kisa cha gunia la Salma, kwa sababu kilitupa adabu. Kulikuwa na sura ambapo mtoto wa jirani yake Salma anaugua, na Salma hana mtu wa kumsaidia kumbeba usiku ila yule mgeni. Nilisoma sura hiyo tukiwa kwenye mkono wa pili, ule wa mawe. Nilikuwa nasoma vizuri siku hiyo, sijisifu. Mama mmoja akaanza kufuta macho kwa leso. Mwingine akafuata. Hata Syombua. Tukachagua hivyo hivyo na machozi, tukashona gunia, likaenda.

Baada ya siku chache Bwana Kimeu aliingia bila kusalimu. Alizima redio. Alifungua kiganja, ndani mna jiwe la kijani.

"Hili limevunja jino la mtu Nairobi," akasema. "Gunia zima liko hivi. Nani alilichagua?"

Nami nikawa naomba moyoni ardhi ya Mbumbuni inifungukie.

"Ni Salma," akasema Mwaitu.

"Salma? Hapa sina mfanyakazi anaitwa Salma."

"Si wa hapa. Ni wa hotelini."

"Hoteli gani? Mwaitu, mnaweka watu wa hoteli kwa stoo yangu?"

Syombua alishindwa, akacheka kwa pua. Ikabidi tumweleze. Tulidhani atatufukuza sote. Alisikiliza amekunja mikono, halafu akavuta debe tupu akakaa juu yake. "Sasa huyo mtoto," akauliza, "alipona?"

Alipojua amepona aliinuka, akajifanya tena mkali. Gunia lilirudishwa tukalichagua upya, bila malipo, na ilikuwa haki. Na Bwana Kimeu akaweka sheria: hadithi ni ya mkono wa kwanza, muziki ni wa mkono wa pili. Tuliifuata mpaka mwisho. Nawapa hiyo sheria bure. Hata nyumbani naifuata: kazi inayoweza kuumiza mtu haitaki hadithi karibu.

Niliendelea kusoma vitu vingine, Biblia kwa wale waliotaka, gazeti lililofungia nyama, maagizo ya dawa ya dumuzi. Lakini Salma alikuwa wa kila siku, kidogo kidogo, kwa sababu hatukutaka aishe. Zilikuwa zimebaki kurasa chache tu mashine ilipoletwa.

Iliteremshwa kutoka kwa lori imefungwa kwa kamba kama dume la soko. Inapuliza maganda, inatikisa mawe yanabaki nyuma, vile vile nilivyowaeleza mimi. Nilipoiona ikitikisa nilijua aliyeitengeneza ana nyanya yake aliyemfundisha uteo. Inafanya kwa asubuhi kile tulichofanya kwa wiki. Na inanguruma hata redio ikatolewa kwenye msumari. Bwana Kimeu alibakiza watu wawili wa kushona magunia, Syombua mmoja wao. Sisi wengine alituaga mmoja mmoja, akitushika mkono, na kila mtu akapewa ndengu za kwenda kupika. Simlaumu. Angekaa na uteo wakati wenzake wana mashine, angefunga stoo na sote tungekwenda nyumbani mikono mitupu.

Macho ya Mwaitu yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na binti yake akaja kumchukua wakaishi pamoja Kambu, kando ya barabara ya Mombasa. Akipanda gari alinishika sikio kama mtoto. "Usimalize bila mimi," akasema. Nami sikumaliza. Kitabu kilikaa chini ya mto wangu, na mara nyingi nilikitoa nikatazama unene wa zile kurasa, nikakirudisha.

Mwalimu wa nasari ya hapa kanisani alikuja kuniona baada ya mavuno. Alikuwa amesikia kwa Syombua, na mtu akisikia jambo kwa Syombua amelisikia na chumvi. "Nataka mtu wa kuwasomea watoto hadithi," akasema. "Mshahara si mkubwa, lakini ni kazi. Niambie Jumatatu."

Nilisema ahsante nikaingia ndani nikakaa kitandani. Mbele ya wale wamama nilikuwa na uteo, na redio, na viganja vyao. Watoto wa nasari ni mahakama. Hawajui kungoja neno. Nikaona lile darasa langu la zamani likikaa vizuri kwenye viti. Nikajiambia: nitakwenda Kambu nimsomee Mwaitu zile kurasa, bila uteo, bila muziki. Nikiweza, nitasema ndiyo. Nikishindwa, nitatafuta kibarua cha kupalilia na nitaacha kuota.

Nilimkuta amekaa ndani karibu na dirisha, amejifunga leso mbili zile zile. Alinijua kwa hatua.

"Umekuja na Salma?" Hata hatujasalimiana.

"N-nimekuja naye, Mwaitu."

"Na yule mgeni?"

"Yuko."

"Basi keti. Chai itapikwa baadaye."

Nikamweleza habari ya nasari kabla sijafungua kitabu, kwa sababu yeye huwezi kumficha. Nikamwambia naogopa watacheka.

"Watacheka," akasema. "Watoto wa nasari wanacheka hata mbuzi akipiga chafya. Ngoja wamalize, halafu uendelee. Wewe mwenyewe ulichekwa na wanawake wenye wajukuu na hukufa."

Nikaanza kusoma. Nilisoma vizuri. Malori ya Mombasa yalikuwa yanapita nje, dirisha linatetemeka kidogo, na Salma anapanda ngazi kwenda chumba cha nne na chai mkononi. Nilikuwa nimeanza kufurahi, ndipo Mwaitu akasema, macho yamefungwa, "Nasikia mkono."

Nikautazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya goti. Vuta, vuta, sukuma. Ulikuwa unachagua ndengu ambazo hazipo.

"S-sikujua," nikasema.

"Si vibaya. Endelea."

Niliendelea, lakini sasa nilijua. Tulifika mahali Salma amegonga mlango na mgeni amekubali kusema ukweli wake. Nilipogeuza karatasi ya mwisho niliona kichwa cha Mwaitu kimelala upande, mdomo umefunguka kidogo, anapumua kama mtu aliyekula akashiba. Joto la Kambu saa nane haliulizi mtu kama hadithi imeisha. Nilijua akiamka atanigombeza, na nitamsomea tena tangu ngazi, na hilo si kitu, siku ilikuwa bado ndefu.

Ningeweza kufunga kitabu. Hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Binti yake alikuwa barabarani akiuza maembe. Nyumba nzima ilikuwa yangu na karatasi moja.

Nikaukalia mkono wangu wa kulia. Niliuingiza chini ya paja, kiganja kikigusa ubao wa kiti, nikaubana hapo. Kisha nikasoma kwa sauti, si ya kunong'ona, sauti ile ya stooni. Sentensi ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Katika ya tatu kulikuwa na neno "karibu", nikakwama kwenye k, kama siku ile ya muthokoi. Mkono ulijaribu kutoka. Niliuhisi ukijivuta. Nikakaa vizuri zaidi juu yake, nikangoja. Lori moja likapita, na lingine nyuma yake, na kimya kikaja. Sikukisukuma. Neno likaja lenyewe, nikalisema, nikasema lililofuata, nikasoma hivyo mpaka karatasi ikaisha.